Mipaka ya Dhamana kwa Kompyuta Mpakato Zenye Kasoro Inayojulikana

Mnunuzi wa Chake Chake, Wete au Mkoani anayepata kompyuta mpakato iliyokwishatumika ng'ambo huenda akadhani kuwa dhamana inaanza siku aliyolipa. Sivyo. Dhamana ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja, huhesabiwa tangu mauzo ya kwanza, na kwa kawaida haihusu kifaa kilichoingia maji wala betri iliyochoka kwa matumizi.

Hata kasoro iliyokiriwa ina kikomo. Juni 2018, kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kutengeneza bila malipo kibodi za baadhi ya MacBook, ambazo vitufe vyake vilikwama au kurudia herufi. Huduma hiyo ilikuwa ya miaka 4 tangu mauzo ya kwanza, kwa kibodi pekee. Kompyuta iliyouzwa mwaka 2017 ilipoteza haki hiyo mwaka 2021, hata ikiwa imebadilisha mikono mara tatu.

Kinachobaki ni ahadi ya muuzaji mwenyewe. Iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kifaa, ambayo mnunuzi aihakiki katika tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, chini ya Sheria Namba 5 ya 2018.