Farasi Asiyefika Buha

Katika nchi zenye farasi, siku ya kumtoa mwanafarasi mawindoni kwa mara ya kwanza ni siku yenye adabu zake. Hapandwi akiwa mchanga; hungojwa mpaka mifupa yake ikomae, akiwa na miaka mitatu au minne. Hufundishwa lijamu na hatamu, kisha husimamishwa karibu na mbwa wa kuwinda mpaka asiwaogope. Ndipo hupelekwa porini pamoja na farasi mzee aliyetulia, akawekwa nyuma ya wenzake, na kurejeshwa nyumbani kabla hajachoka wala hajatishika. Ustadi huu wote wadai kitu kimoja ambacho hakinunuliki, nacho ni muda. Farasi wa mawindo hutengenezwa kwa miaka.

Nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, hazikupata kuwa na desturi hiyo. Mtu asiyeijua nchi angeshangaa, kwani majani yapo, maji yapo, na hewa ya vilimani ni ya baridi. Waha walifuga ng'ombe katika milki zao za Heru, Muhambwe na Buyungu, na ng'ombe akawa kipimo cha heshima mbele ya Mwami. Lakini enzi ya Mwami haikujengwa juu ya mgongo wa farasi, na mwindaji wake alikwenda kwa miguu. Wako waandishi wa zama za ukoloni waliolitazama jambo kama hili barani Afrika wakaliita uzito wa akili. Historia yatoa jibu jengine, na jibu hilo si kubwa kuliko nzi.

Nzi huyo ni ndorobo, ambaye wengi wa bara humwita mbung'o. Vilima vilivyolimwa na kulishwa vilikuwa salama kwa kiasi chake, lakini chini ya vilima, katika miombo inayoelekea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, ndorobo alikuwa bwana wa nchi. Ng'ombe aliyeteremka huko alirudi amekonda, au hakurudi kabisa. Farasi ni dhaifu zaidi ya ng'ombe mbele ya maradhi hayo: hupata homa, damu yake hupungua, miguu na tumbo huvimba, naye hufa baada ya wiki chache au miezi michache.

Kisiwa cha Unguja kilijua thamani ya farasi. Mwaka 1840 Sayyid Said alipopeleka jahazi yake Sultana hadi New York, miongoni mwa zawadi zilizomo mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais wa Marekani. Bibi Salme bint Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, alieleza jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyofundishwa kupanda tangu udogoni. Hivyo, mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipojiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone, Sayyid Barghash alimpa farasi wa Kiarabu. Stanley alikuwa na farasi mwengine pia, na akaanza safari kutoka Bagamoyo kwa fahari ya mtu aliyepanda.

Fahari hiyo haikufika mbali. Msafara ulipokuwa Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani, farasi wa Sultani alikufa, na yule wa pili akamfuata upesi. Stanley alimpasua mmoja wao na kukuta minyoo tumboni, naye akaona kwamba hiyo ndiyo sababu ya kifo. Akaamuru mzoga uzikwe. Mkuu wa kijiji akaja kudai faini ya nguo, kwa kuwa mnyama amezikwa katika ardhi yake bila ya ruhusa. Stanley akamjibu kwamba basi atamfukua na kumwacha juu ya ardhi palepale alipofia, na mzee yule, kwa kuhofia uvundo, akaacha madai yake. Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna hukumu: wanyama wawili walioletwa kwa ajili ya safari ya miezi mingi hawakumaliza hata mwezi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Stanley alifika mto Malagarasi. Hapo punda wake hodari aliyeitwa Simba alikamatwa na mamba wakati wa kuvushwa. Kisha akaingia Buha, akatozwa hongo mara baada ya mara, hata akaona ni heri kumlipa kiongozi awapitishe porini usiku kwa kimya. Aliyetoka pwani amepanda farasi alivuka nchi ya Waha kwa kunyata, kama msasi.

Elimu ya sababu zake ilikuja baadaye. Mwaka 1895 David Bruce, aliyekuwa akifanya kazi Zululand, alitangaza kwamba maradhi ya nagana huletwa na vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na ndorobo. Iligunduliwa pia kwamba nyati, pongo na wanyama wengine wa mwituni wanaweza kuwa na vijidudu hivyo katika damu bila ya kuugua. Hapa ndipo penye fundo la habari hii. Mnyama anayewindwa ndiye anayeihifadhi sumu imuuayo farasi wa mwindaji. Palipo na mawindo mengi ndipo palipo na nzi wengi. Na kumtoa farasi mchanga huko kwa somo lake la kwanza ni kumpa pia somo la mwisho.

Ambao hawakusadiki walisadikishwa na vita. Mwezi wa Aprili 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini waliingia Kondoa Irangi, na katika miezi iliyofuata farasi wa jeshi la Waingereza walikufa kwa maelfu. Upande wa magharibi, majeshi ya Wabelgiji yaliyoiteka Kigoma mwezi wa Julai mwaka huo yalitegemea mabega ya wapagazi. Mwenye farasi na asiye naye wote wakawa waenda kwa miguu. Desturi ya kuwinda kwa farasi na makundi ya mbwa, waliyokuja nayo walowezi wa Kiingereza, ilipata makao katika nyanda zilizozunguka Nairobi, ambako baridi na uwazi wa ardhi viliwapunguza nzi. Haikuvuka kuja Buha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Mha alikuwa amepungukiwa. Msasi wa miguu alikuwa na mafunzo yake marefu: kijana alimfuata mzee, akajifunza nyayo, upepo na kunyamaza. Tena mawindo yake, pamoja na kulima na kuchoma moto majani, yalikuwa sehemu ya ulinzi wa nchi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba watu wa Tanganyika walikuwa wamemzuia ndorobo kwa njia hizo, mpaka sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa na vita vya ukoloni vilipovunja mizani. Mashamba yaliachwa, vichaka vikarudi, na nzi akarudi navyo.

Malipo yake yalikuwa mazito kwa Kibondo na Kasulu. Malale ikawashika watu, na kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Buha na kuwakusanya katika makazi maalumu. Nia ilikuwa mashamba yaliyokaribiana yafyeke vichaka. Lakini kila walipotolewa watu, pori liliongezeka, na ndani ya pori mwindaji wa jana akaanza kuitwa jangili. C. F. M. Swynnerton, aliyekabidhiwa hifadhi ya wanyama wa Tanganyika mwaka 1919, ndiye huyo huyo aliyekuja kuongoza utafiti wa ndorobo huko Shinyanga, hata alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mkono mmoja uliwalinda wanyama na kupambana na nzi wao. Watu walipohamishwa tena katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, wako wazee walioiona kuwa ni safari ya pili.

Leo ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi inatambuliwa na mataifa tangu mwaka 2000, na uzuri wake unasifiwa kwa haki. Ni vyema pia ikumbukwe gharama yake. Farasi wa Sayyid Barghash alikufa Kingaru na akapewa kaburi na ukurasa katika kitabu mashuhuri. Msasi wa Buha, aliyeweza kwenda pale ambapo farasi hakuweza, alipoteza pori lake na jina lake jema, wala hakuandikiwa ukurasa.