Boa yupi unamtaka?

Mitihani imeisha, sasa nimezama kwenye historia ya majina ya nyoka. Msicheke: anayetaka kufuga boa, jina ndilo linamwambia anajitwisha mzigo gani.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alilifanya jina Boa kuwa kapu: humo alimtia Boa constrictor wa Amerika ya Kusini, na hata anakonda. Mwaka 1803 Mfaransa Daudin akamtaja Boa imperator. Baadaye wataalamu wakamshusha, akawa tawi tu la constrictor, mpaka vipimo vya DNA vya karne hii vikamrudishia nafasi yake.

Ubishi wa wasomi tu? Wapi! Imperator kwa kawaida ni mdogo kuliko constrictor, ila dukani wote huitwa "boa". Unanunua kinyoka cha nusu mita, unaishi na jitu la mita 2 au zaidi, miaka 20 na ushee.

Na chatu wetu si boa. Yeye hutaga mayai, boa karibu wote huzaa. Boa wa kwetu ni yule mfupi wa mchangani, wa nyika kavu za Kenya na Tanzania, ambaye Linnaeus alimtupia kapu jingine, Anguis. Wafugaji wa Marekani wanampenda kwa udogo wake.

Basi, kabla hujatoa hela, uliza jina kamili. Na kibali.