Toleo si Komiti

Programu huria nyingi hazikufikii moja kwa moja kutoka kwa aliyeziandika. Katikati yupo mtunza kifurushi, wa Debian, Fedora au Guix, anayechukua msimbo, akaufunga kwa taratibu za mfumo wake, kisha akaupa namba. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusasisha, na ukimtazama juu juu utadhani anabadili 2.4 iwe 2.5 basi. Kumbe anashika vitu viwili visivyofanana: toleo na komiti.

Toleo halitusumbui, tumelizoea vitabuni na magazetini. Mara nyingi huwa namba tatu, kama 2.5.1. Kwa mpangilio uliopendekezwa na Tom Preston-Werner, ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja utangamano na ya zamani, ya pili kinapoongezwa kitu kipya, ya tatu kasoro zinaporekebishwa. Si wote wanaoufuata. Donald Knuth, kila anapoirekebisha TeX, huongeza tarakimu moja ya pai, na sasa imefika 3.141592653. Namba ya toleo, kwa hiyo, ni kauli ya mwandishi: ataipanga apendavyo.

Komiti ninayoizungumzia ni ya Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Wako wanaotaka neno la Kiswahili tupu, lakini “hifadhi” tayari lina kazi nyingine kwenye kompyuta, na watayarishaji programu wanasema “nimekomiti” bila kuwaza kamati yoyote. Naliacha hivyo. Komiti ni picha ya mafaili yote ya mradi kwa wakati mmoja, pamoja na taarifa ambatani, ndiyo metadata yenyewe: nani aliandika badiliko na lini, nani aliliingiza na lini (si lazima awe mtu yuleyule wala iwe siku ileile), komiti iliyotangulia ni ipi, na ujumbe wa maelezo. Git hukokotoa yote hayo ikapata heshi, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Badilisha mkato mmoja katika ujumbe, heshi inakuwa nyingine kabisa.

Hapo ndipo mtunza kifurushi anapobanwa. Mradi haujatoa toleo miaka miwili, lakini kasoro inayowasumbua watumiaji imesharekebishwa ndani ya hazina yake ya Git. Anachukua komiti. Aipe namba gani? Heshi peke yake haifai, kwa sababu haina mfuatano. Huwezi kutazama cabba9e na 1f30d2c ukajua ipi imetangulia. Guix huunganisha vyote: 1.2-3.cabba9e, yaani toleo la mwisho lililotangazwa, kihesabio cha mtunzaji mwenyewe, na mwanzo wa heshi. Kihesabio ndicho kinachobeba mfuatano. Akibadili komiti akakisahau, mashine italinganisha heshi kwa heshi, na kipya kinaweza kuonekana cha zamani.

Katika Nix, mfumo mwingine wa vifurushi, kosa huja kwa mlango mwingine. Mtunzaji huandika komiti anayoitaka, na kando yake heshi ya pili, ya yaliyomo. Akibadili ya kwanza akaiacha ya pili, na msimbo wa zamani ungali umehifadhiwa kwenye mashine yake, atajengewa uleule wa zamani chini ya namba mpya, bila onyo.

Kiungo kati ya toleo na komiti ni tagi, jina linalobandikwa juu ya komiti fulani. Tagi ni kama namba ya usajili ya gari: inaweza kufunguliwa ikafungwa kwenye gari jingine, ilhali heshi ni namba ya chasi. Machi 2025 wavamizi walizihamisha tagi za tj-actions/changed-files, zana inayotumiwa kwenye GitHub, zikaelekea komiti yenye msimbo wa kuanika siri. Waliotaja tagi walipokea msimbo huo. Waliokuwa wameandika heshi kamili ya komiti ya awali walibaki na ileile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Debian. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Dawa ilikuwa kurudi 5.4.5, lakini mfumo wa vifurushi haukubali kwa kawaida kushuka; kwake namba ndogo ni ya jana. Watunzaji wakaandika 5.6.1+really5.4.5-1. Nusu ya kwanza ni ya mashine, ione imepanda. Nusu ya pili ni ya binadamu, ajue kilichomo hasa. Na hati ya ujenzi iliyouamsha mlango huo wa siri haikuwa kwenye hazina ya Git kabisa. Ilitiwa kwenye kifurushi cha msimbo kilichotolewa kwa jina la toleo, kwa hiyo aliyejenga kutoka komiti hakukutana nayo.