Taya la Furu na Mipaka ya Jeni: Hoja kutoka Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanapinga dai kwamba umbo la kiumbe limekwisha kupangwa ndani ya jeni kabla yai halijaanza kugawanyika. Ushahidi mkuu ni taya la koo la Astatoreochromis alluaudi, furu mla konokono wa Ziwa Victoria, ambalo hukua kwa namna mbili tofauti kutegemea chakula anachokutana nacho akiwa mdogo. Kutokana na ushahidi huo, makala yanatetea msimamo kwamba mpango wowote wa kupambana na kichocho kwa kutumia samaki katika wilaya za Muleba na Bukoba uanzie kwenye malezi ya vifaranga.

Dai linalopingwa

Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha jenomu za samaki watano wa jamii ya sikilidi kutoka Afrika. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, furu wa Ziwa Victoria aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere na Witte-Maas na Witte mwaka 1985. Kazi ile ni ya kuheshimiwa, na wenyewe walioiandika walionyesha kwamba sehemu ya tofauti kati ya samaki hawa imo katika namna jeni zinavyosimamiwa. Ninachopinga ni jinsi ilivyopokewa. Imekuwa kawaida kusikia katika mihadhara kwamba siri ya furu sasa imefichuliwa, na kwamba spishi inayopotea ziwani inaweza kuhifadhiwa kwa mfuatano wa DNA na vipande vya nyama kwenye jokofu, kana kwamba kilichobaki ni kusoma maandishi tu.

Kwa watu wa Kamachumu, wilayani Muleba, suala hili liko jirani. Uwanda wao unakomea kwenye magenge yanayotazama ziwa, na chini yake, mwambaoni na katika visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza, maji hayohayo yanayoleta kitoweo ndiyo yanayoleta kichocho. Samaki anayetafuna konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo ana thamani kwa afya ya jamii. Kujua ni kitu gani kinachojenga taya lake kuna faida nje ya maabara.

Kwamba jeni hutoa maelekezo ya kutengeneza protini, na kwamba seli hupashana habari kwa ishara za kikemikali, hakuna anayebisha. Ubishi ni juu ya nani anaamua: je, ishara ni mtumwa wa jeni, anayetekeleza alichotumwa, au ina sauti yake katika kuamua umbo?

Ngome ya wapinzani

Wanaoipa jeni mamlaka yote hupenda kujihami kwa asidia. Huyu ni mnyama wa baharini anayejishikiza kwenye miamba na nguzo za gati, mwili wake ukiwa kama mfuko wenye matundu mawili, moja la kuingiza maji na jingine la kuyatoa. Akiwa lava ana mkia na notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo. Ulinganisho wa jeni uliochapishwa mwaka 2006 uliliweka kundi lake kuwa ndugu wa karibu kuliko wote wa wanyama wenye uti wa mgongo.

Sababu ya kumkimbilia asidia ni kwamba kiinitete chake hakibadiliki ovyo. Mwaka 1905 Edwin Conklin alionyesha kwamba sehemu ya manjano iliyomo ndani ya yai la asidia wa jenasi Styela huishia katika seli za misuli ya mkia, kila mara na kwa njia ileile. Takriban karne moja baadaye, mwaka 2001, Nishida na Sawada walimtumia asidia Halocynthia roretzi kuitambua macho-1, RNA ambayo mama huiweka upande mmoja wa yai. Ikiondolewa, misuli ya msingi ya mkia haijengeki. Ikipandikizwa kwenye seli nyingine, seli hizo nazo huelekea kuwa misuli. Msomaji akiishia hapo atasadiki kwamba yai ni mtego uliokwisha kutegwa, unaongoja kufyatuka.

Lakini asiishie hapo. Katika kiinitete hichohicho, seli zinazotarajiwa kujenga notokodi zikitengwa mapema, kikiwa na seli 32, haziijengi. Zinahitaji kwanza ishara ya protini za kundi la FGF kutoka kwa majirani, ndipo jeni ya Brachyury iwashwe na kazi ianze. Mwaka 2020 timu iliyomhusisha Patrick Lemaire wa Ufaransa ilichapisha katika Science uchambuzi wa viinitete vya Phallusia mammillata, seli moja baada ya nyingine. Ilionekana kwamba ukubwa wa eneo ambalo seli mbili zinagusana huchangia kuamua kiasi cha ishara ambacho seli inayopokea itakisikia. Basi hata katika kiinitete chenye nidhamu kubwa kiasi hiki, kugusana na jirani ni sehemu ya maelekezo. Ngome hii inawasaidia wapinzani kidogo sana kuliko wanavyodhani.

Mistari ya Pundamilia

Ushahidi wao mwingine unatoka nyumbani kwetu, nao ni mzito zaidi. Baadhi ya furu wana mistari inayotoka kichwani hadi mkiani, wengine hawana. Mwaka 2018 Claudius Kratochwil, Axel Meyer na wenzao walionyesha katika Science kwamba tofauti hiyo inahusiana na jeni moja, agrp2. Furu wasio na mistari huitumia kwa wingi katika ngozi, wenye mistari huitumia kidogo. Jeni hiyo ilipoharibiwa kwa mbinu ya kuhariri DNA katika Pundamilia nyererei, ambaye kwa kawaida hana mistari ya aina hiyo, mistari ilijitokeza.

Ninakubali kwamba hapa jeni moja imefanya kazi kubwa. Hata hivyo, tuangalie ni kazi gani. Protini ya agrp2 ni ya ukoo wa protini zinazozuia ishara zinazopokelewa na vipokezi vya melanokotini, navyo vinahusika na rangi. Maana yake ni kwamba jeni iliyosifiwa kwa kuchora samaki, yenyewe ni chombo cha kunyamazisha ishara. Uwezo wa kuchora mistari ulikuwamo muda wote ndani ya samaki asiye na mistari. Kilichobadilika ni kile kinachosikika.

Taya linalojifunza

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa A. alluaudi. Sikilidi wana mataya ya aina mbili: ya mdomoni, yanayokamata chakula, na ya kooni, yanayokisaga. Taya la chini la koo ni mfupa wenye umbo la pembetatu, uso wake wa juu umejaa meno. Kwa furu anayekula vitu laini, mfupa huo ni mwembamba na meno yake ni membamba yenye ncha. Kwa A. alluaudi wa Ziwa Victoria anayevunja magamba ya konokono, mfupa umenenepa, misuli yake ni minene, na katikati yamesimama meno mapana, bapa, yanayofanana na magego. Mtaalamu akiwekewa mataya hayo mawili mezani bila kuambiwa yametoka wapi angeweza kuyaita ya spishi mbili.

Mwaka 1965 P. H. Greenwood, aliyetumia maisha yake kuainisha furu wa ukanda huu, alichapisha jambo lililowasumbua waainishaji. Vifaranga wa A. alluaudi wa asili ya Ziwa Victoria, walipolelewa kwa chakula laini bila konokono, hawakupata taya la wazazi wao. Walikua na taya jepesi, lililokaribia lile la ndugu zao wa maziwa mengine wasiotegemea konokono. Asili ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mlo.

Jinsi jambo hili linavyotokea sasa inaeleweka kwa sehemu. Meno ya samaki hawa hung'oka na kuota upya maisha yao yote, kwa hiyo kila kizazi cha meno ni nafasi mpya ya kubadili umbo. Ganda la konokono linapobanwa, mfupa hupata mkazo. Seli za mfupa huuhisi mkazo huo na kuugeuza kuwa ishara za kikemikali, nazo huongeza au kupunguza kazi ya jeni. Mwaka 2013 Helen Gunter na wenzake walilinganisha samaki wa spishi hii waliolelewa kwa chakula kigumu na kwa chakula laini, wakakuta viwango vya kazi vya jeni kadhaa za taya vinatofautiana, zikiwamo zinazohusika na ujenzi wa mfupa. Mpangilio wa DNA haukuguswa. Konokono ndiye aliyebisha hodi, na jeni zikaitika.

Hapa wapinzani hujibu kwamba mazingira hubadili ukubwa, hayabadili aina. Mkulima wa Kamachumu akichukua machipukizi mawili ya mgomba mmoja, moja akalipanda kibanjani penye mboji na jingine kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi isiyo na mboji, la kwanza litatoa mkungu mnono na la pili mkungu hafifu, lakini yote yatabaki kuwa mgomba uleule. Hoja hiyo ingetosha kama taya la furu lingeongezeka unene tu. Lakini jino lenye ncha na jino bapa ni aina mbili za jino, zenye kazi mbili, na waainishaji wenyewe walikuwa wakizitumia kutenganisha vikundi vya samaki.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba taya hukomaa baada ya yai kuanguliwa, hivyo halihusu kiinitete. Mpaka huo hauna nguvu kwa furu. Mama huyatunza mayai mdomoni mwake, na watoto huendelea kukaa humo hata baada ya kuanguliwa, huku wakimaliza kiini cha yai. Kujengwa kwa mwili hakukatiki siku ganda linapopasuka. Njia za ishara zinazojenga jino la kwanza zinaendelea kutumika kwa yanayofuata.

La pili ni zito zaidi: huenda uwezo wa kubadilika nao umeandikwa katika jeni. Bila shaka umeandikwa. Lakini kilichoandikwa ni kanuni ya kuitikia, na kanuni ya kuitikia haina jibu mpaka iulizwe. Jambo hili halihusu taya tu. Mwaka 2000 Chapman, Galis na Shinn waliripoti kwamba sikilidi Pseudocrenilabrus multicolor wa uzao mmoja, wakigawanywa na kulelewa katika maji yenye oksijeni kidogo na yenye oksijeni ya kutosha, wale wa maji duni huwa na mashavu makubwa zaidi ya kupumulia. Na katika Ghuba ya Mwanza, Haplochromis pyrrhocephalus aliyerejea baada ya wimbi la sangara, samaki mkubwa anayekula furu, la miaka ya 1980 alikutwa na eneo la mashavu lililoongezeka kwa takriban asilimia 64. Kwa huyu wa mwisho, uteuzi asilia na uitikiaji wa mazingira huenda vilifanya kazi pamoja. Hoja yangu haihitaji kuvitenganisha.

Hitimisho

Matokeo ya kivitendo yanafuata. A. alluaudi amewahi kujaribiwa dhidi ya konokono wa kichocho. Tafiti za mabwawa ya magharibi mwa Kenya zilizochapishwa mwaka 1977 zilitia matumaini. Kaskazini mwa Kameruni mambo yalikuwa tofauti: samaki waliokulia katika mabwawa yenye chakula laini walikuwa na taya dhaifu, na konokono hawakudhibitiwa kama ilivyotarajiwa. Aliyewatazama kwa jicho la jeni peke yake angesema ni samaki walewale. Kwa kazi waliyopelekewa, hawakuwa walewale.

Kwa hiyo, halmashauri au kituo chochote kitakachofikiria njia hii kwa vidimbwi na mwambao wa Muleba na Bukoba kiwape vifaranga konokono tangu waweze kuwabana, na kiyapime mataya yao kabla ya kuwaachia. Aidha, taasisi za utafiti wa uvuvi kama TAFIRI zinapohifadhi sampuli za DNA za furu, kila sampuli iambatane na kumbukumbu za mlo, oksijeni na mwanga wa mahali samaki alipovuliwa, na fedha za kuhifadhi jenomu zisitolewe kwa kupunguza zile za kulinda miamba, fukwe na konokono wa ziwa lenyewe. Takriban spishi 200 za furu zinakadiriwa kutoweka, na DNA ya spishi iliyohifadhiwa bila ziwa lake haitoshi kuturudishia samaki tuliyemjua. Naamini, ingawa majaribio zaidi ya vifaranga wa uzao mmoja yanahitajika kwa spishi nyingine, kwamba kanuni hii ya kuitikia mazingira itathibitika kwa furu wote wa Ziwa Victoria.