Ubao na Kamba yenye Mafundo

Nikiwafundisha kidato cha tatu tanjenti, siwaanzishii nyuzi 30, 45 na 60. Naanza na kamal, kipimo cha mabaharia wa Kiarabu: kipande cha ubao kilichotobolewa katikati na kupitishwa kamba yenye mafundo. Mtu aliuma fundo, akainyoosha kamba, akalinganisha ukingo wa chini wa ubao na upeo wa bahari, na wa juu na nyota. Kamba ikifupishwa, pembe hupanuka. Nusu ya kimo cha ubao, ukiigawanya kwa urefu wa kamba, ndiyo tanjenti ya nusu ya pembe hiyo. Chomboni hakuna aliyekokotoa. Hesabu ilikuwa imo ndani ya mafundo.

Walipima kwa isba, upana wa kidole, takriban digrii 1 na dakika 36. Baharia Mwarabu Ahmad ibn Majid aliandika vipimo hivyo yapata 1490. Aliyetoka Maskati kuelekea kusini kwa kaskazi aliiona Nyota ya Kaskazini ikizidi kushuka; karibu na ikweta haikufaa tena, akapimia Farkadani, nyota mbili jirani zake.