Upanga wa Mikono Miwili

Ukisimamishwa wima, upanga wa aina hii humfika mtu mzima kidevuni, na mwingine humpita kichwa. Ukubwa huo huwafanya wengi wadhani ni mzito ajabu. Kumbe panga za vita za karne ya 16, Ujerumani na Uswisi, zilikuwa na kilo 2 hadi 3.5 hivi, zilizozidi sana hapo kwa kawaida zilibebwa kwenye gwaride na sherehe.

Nakala hii imefuliwa kwa mkono kwa kufuata panga hizo. Siri ya wepesi wake imo kwenye bapa: mhunzi amelipunguza unene kidogo kidogo kutoka mpinini hadi nchani, kisha akatia tufe la chuma mwisho wa mpini ili uzito usawazike. Hapo ndipo ustadi wake unapostahili sifa, maana chuma kikibaki kinene mbele, mikono huchoka upesi. Pembe mbili zinachomoza kwenye bapa, na nyuma yake pamevikwa ngozi. Mpiganaji alishika hapo kwa mkono mmoja akachoma kama kwa mkuki mfupi, huku pembe zikiukinga mkono huo.

Mamluki wa Kijerumani, Landsknecht, ndio waliovuma kwa silaha hii. Baadhi yao, wazoefu wa mstari wa mbele, walilipwa mshahara maradufu.

Fries Museum ya Leeuwarden, Uholanzi, inahifadhi upanga wa sentimita 213 unaohusishwa na Pier Gerlofs Donia, mpiganaji wa Frisia aliyefariki mwaka 1520.