Mkazi Kwanza, Cheti Baadaye: Historia ya Sifa za Mhudumu wa Afya Shinyanga na Geita

Tangazo la nafasi za uuguzi serikalini lina masharti ambayo kijana yeyote wa Shinyanga au Geita aliyemaliza chuo anayajua kwa moyo. Mwombaji awe raia wa Tanzania, umri wake usizidi miaka 45, awe amehitimu kwenye chuo kinachotambuliwa, awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na awe na leseni hai. Mwenye cheti huomba nafasi ya Muuguzi, mwenye stashahada huomba ya Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada huomba ya Afisa Muuguzi. Hakuna mstari unaouliza kama mwombaji ataweza kumsikiliza bibi wa Kisukuma asiyejua Kiswahili, wala kama ataendelea kukaa Nyarugusu, mkoani Geita, msimu wa mvua ukiharibu barabara. Zamani swali hilo liliulizwa, tena liliulizwa kwanza. Tulipokuwa tunapandisha kiwango cha elimu, na tulikuwa na kila sababu ya kukipandisha, tuliacha njiani sharti jingine lililokuwa na kazi yake: mhudumu awe mtu wa pale, na watu wa pale wawe wamemkubali.

Katika Tanganyika ya Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, zahanati ndogo za vijijini ziliwekwa chini ya serikali za wenyeji, yaani utawala wa machifu, na kazi ilifanywa na dresa. Dresa alikuwa mwanamume anayejua kusoma na kuandika. Alijifunza hospitalini kuosha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache, kisha akarudi kwao kulipwa kutoka hazina ya chifu. Kwa upande wa misheni, Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikuwa hospitali ya wamisionari wa Africa Inland iliyojulikana mno kwa kuwahudumia wenye ukoma, na baadaye ikawa na chuo cha uuguzi. Utaratibu huu usipambwe. Kukubalika kulimaanisha kukubalika kwa chifu au kwa mchungaji, wanawake walikuwa wachache, na elimu yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Hata hivyo dresa alifahamika ukoo wake, na akikosea alijulikana pa kupatikana.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, idadi ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali iliamua kwamba fedha ya afya iende vijijini, na kwa kuwa madaktari hawakuwapo, ilibidi iunde kada zake. Waganga wasaidizi wa vijijini na wasaidizi wa afya ya mama na mtoto walichukuliwa kutoka miongoni mwa waliomaliza darasa la saba. Wale wa mama na mtoto walikuwa wanawake, walisoma miezi 18, na kazi yao ilikuwa na mipaka iliyo wazi: kupima wajawazito, kuzalisha uzazi usio na matatizo, kuchanja na kupima uzito wa watoto, kufundisha lishe na uzazi wa majira. Darasa la saba wakati ule halikuwa sifa ndogo. Kabla ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977, binti wa Usukumani aliyefika darasa hilo alikuwa amepita mchujo mkali kuliko mwenzake wa leo aliyefika kidato cha nne. Kiwango cha karatasi kimekuwa kikipanda pamoja na idadi ya waliosoma, wakati uzito wa kazi umepanda kwa mwendo wake mwenyewe.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja yangu unatoka katika miaka hiyo hiyo. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 uliipa dunia lugha ya afya ya msingi, na Tanzania, iliyokuwa imekwisha kuanza njia hiyo, iliweka wahudumu wa afya wa vijiji waliochaguliwa na kijiji chenyewe. Wengi hawakudumu. Anayetaka kusema kwamba kuchaguliwa na wananchi hakutoshi ana mfano wake hapa, na ni mfano wa kweli. Lakini tazama walivyolipwa. Mshahara haukuwapo, kijiji kilitakiwa kuwapa chochote kutoka mfuko wake, na mfuko wa kijiji katika uchumi wa miaka ya 1980 ulikuwa mtupu. Mtu mwenye shamba la pamba na watoto wa kulisha hawezi kutembelea kaya bure mwaka hadi mwaka. Kilichoanguka ni malipo. Njia ya uchaguzi haikupewa nafasi ya kujaribiwa kwa haki. Ushahidi wake ni kwamba wasaidizi wa mama na mtoto, wenye elimu ile ile ya msingi lakini wakiwa na mafunzo na mshahara wa Serikali, walibaki kazini.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Serikali ilisimamisha ajira mwaka 1993 kwa masharti ya mageuzi ya uchumi, na utaratibu wa mhitimu wa chuo cha afya kupangiwa kituo moja kwa moja ukasimama. Sheria za uuguzi za mwaka 1997 na 2010 ziliimarisha usajili na leseni. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ilileta ushindani wa wazi, na tangu Mei 2004 kidato cha nne kikawa kiwango cha chini cha kuingia utumishi. Kila hatua kati ya hizi ina utetezi wake. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti yenye watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hakuna aliyeweza kudai kwamba uhakiki ulikuwa upuuzi. Pamoja na hayo, mwaka uliofuata Serikali ilibidi iwarudishe kazini watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya Mei 2004, waliokuwa wameondolewa kwa kukosa cheti ambacho hawakuwahi kudaiwa walipoajiriwa. Kwangu tukio hilo linaonyesha jinsi sharti jipya linavyoweza kufuta kumbukumbu ya sharti la zamani hata ndani ya ofisi iliyoliweka.

Kwenye ukanda wa dhahabu athari za kulisahau sharti la ukazi ni nzito kuliko kwingine. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji wake mpya mwaka 2000, Bulyanhulu wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, mwaka 2001, na Mkoa wa Geita ukazaliwa mwaka 2012. Kandokando ya migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe, huko Rwamgasa, Mgusu, Nyarugusu na kwingine. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kufungua njia kwa kifua kikuu. Zebaki huchomwa kwa moto wa wazi, pengine uani mtoto akiwa karibu. Biashara ya ngono hufuata fedha ilipo. Matatizo haya hayangoji mgonjwa aje zahanati. Yanahitaji mtu wa kwenda duarani, kumtambua mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kuhakikisha anamaliza dozi kabla hajahamia kwenye rashi nyingine, yaani machimbo mapya. Muuguzi aliyepangiwa kutoka mbali, ambaye kila likizo anaandika barua ya kuomba uhamisho, hawezi kulaumiwa kwa kuishindwa kazi hiyo. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Hoja ya pili ninayopingwa nayo ni usalama. Wanaoitoa husema dozi haijali ukoo, na mama anayetokwa damu anahitaji anayejua dawa, si jirani mwema. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu sisemi sharti la masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia kwa stashahada ya uuguzi liondolewe. Ninachouliza ni sharti hilo linamchuja nani. Shule za kata zilienea haraka kuanzia miaka ya 2000, lakini maabara zilichelewa kiasi kwamba Rais Kikwete alilazimika kuagiza kila shule ya sekondari iwe nazo. Binti wa Bukombe aliyefeli Kemia kwa kukosa chupa na vimiminika hajathibitika kuwa hawezi uuguzi. India, ambako tangu 2018 vituo vidogo vya afya viliwekewa afisa wa afya ya jamii, ilichagua njia nyingine: ikachukua hasa wauguzi waliokwisha hitimu na kuwaongezea miezi sita ya mafunzo ya afya ya jamii. Njia hiyo inafaa penye wauguzi wa kutosha. Sisi tulio na upungufu tunaweza kuipita kutokea upande wa pili, kumchukua mtu wa jamii na kumpandisha hadi uuguzi.

Tumewahi kufanya hivyo. Katika miaka ya 1990 wasaidizi wa afya ya mama na mtoto waliendelezwa na kuwa wauguzi wa afya ya jamii wa daraja la B, wakiwa kazini. Baadaye mpango wa Serikali wa 2014, uliotaka mhudumu wa afya ngazi ya jamii asome mwaka mzima chuoni baada ya kidato cha nne, ulitoa wahitimu ambao wengi hawakupata ajira. Mpango jumuishi wa wahudumu hao uliozinduliwa Januari 2024 umefupisha mafunzo kuwa miezi sita, nusu darasani na nusu kazini, na umerudisha uchaguzi kwa wananchi: wahudumu wawili kwa kila kitongoji na mtaa, jumla 137,294 kwa miaka mitano. Nauunga mkono, ila una mapengo mawili kwa Geita na Kahama. La kwanza ni neno mkazi. Kambi ya wachimbaji inaweza kuwa na watu wengi kuliko kijiji kinachoimiliki na isiwe na kitongoji kwenye orodha. Viongozi wa maduara na mama lishe waliokaa pale miaka kadhaa wahesabiwe kuwa wapiga kura na wagombea wa nafasi hizo. La pili ni kesho ya mhudumu. Aliyefanya kazi miaka mitatu akathibitishwa na muuguzi wa zahanati yake apewe mwaka wa matayarisho ya sayansi kwa gharama ya halmashauri, kisha nafasi Kolandoto au chuo kingine cha kanda, kwa mkataba wa kurudi alikotoka. Halmashauri za Geita na Kahama hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini, kwa hiyo zina pa kuanzia kupanga bajeti hiyo.